Macho Yetu Ndiyo Vyombo Vyetu vya Kazi

Katika kurasa hizi tumezoea kuwaandikia habari za mishahara, saa za kazi, nyumba za wafanya kazi na wenzetu waliofukuzwa bila haki. Safari hii twaandika juu ya jambo ambalo wengine wenu mtauliza, "Je, hili nalo lahusu nini chama?" Twaomba msome mpaka mwisho, kisha mtuhukumu.

Jambo lenyewe ni ugonjwa wa presha ya macho, ambao madaktari huuita glakoma. Na ndani ya ugonjwa huo twataka kusema hasa juu ya namna moja, ile inayokuja ghafula, na juu ya tiba yake ambayo si sindano wala kisu, bali ni mwanga wa leza.

Tuanze na mwenzetu mmoja, mama wa Wusi. Hatutamtaja jina kwa kuwa yeye mwenyewe ametuomba tusimtaje. Kazi yake ni upishi. Kila alfajiri huteremka mlima mpaka Mwatate, hupikia watu, na jioni hupanda tena nyumbani. Mwaka mmoja, wakati wa baridi, alishikwa na mafua akameza vidonge vya mafua vya dukani. Usiku ule akaanza kuumwa na kichwa upande wa kushoto, maumivu ambayo asema hata uchungu wa kuzaa ulikuwa afadhali. Jicho likawa jekundu. Alipotazama taa aliona duara za rangi kama upinde wa mvua. Kisha akaanza kutapika.

Asubuhi alipelekwa zahanati. Mtu anaumwa na kichwa na anatapika, basi kwetu hiyo ni malaria. Akapewa dawa za malaria na za kichwa, akarudi kulala. Siku ya tatu jicho lilikuwa limeingia ukungu. Nauli ikatafutwa kwa ndugu na majirani, na ilipopatikana siku zilikuwa zimekwisha kupita. Alipofika mbele ya daktari wa macho mjini Mombasa, jicho la kushoto lilikuwa likitambua mchana na usiku tu, na hivyo ndivyo lilivyo mpaka leo.

Lakini daktari yule hakuishia hapo. Alilitazama na jicho la kulia, lile lisilouma, akasema, "Mama, na huku mlango ni mwembamba vilevile." Juma lile lile akalitoboa kitundu kwa leza. Jicho hilo la kulia ndilo linalochambua mawe katika maharagwe mpaka hivi leo, na ndilo linalowalisha watoto watatu.

Hatuandiki haya ili kumlaumu mganga wa zahanati. Yeye hakuwa na chombo cha kupimia presha ya jicho, wala hapana aliyemfundisha kukitumia. Mtu hawezi kulaumiwa kwa kutokukata kuni kama hakupewa shoka. Lawama ni yetu sote tuliokaa kimya.

Ugonjwa wenyewe hufanyaje

Wengi kwetu wana shamba linalopata maji kwa mfereji, basi tutaeleza kwa mfereji. Ndani ya jicho mna maji safi. Maji haya si machozi. Hutengenezwa nyuma ya lile pazia la rangi ya kahawia linalozunguka mboni. Hupita katika tundu la mboni, huja mbele ya pazia, kisha hutokea penye pembe, pale pazia linapokutana na kioo cha mbele cha jicho. Kama maji yanayoingia ni sawasawa na yanayotoka, jicho hukaa salama. Vipimo vya madaktari kwa kawaida huonyesha presha kati ya 10 na 21.

Sasa kuna njia mbili za mfereji kuharibika. Ya kwanza, pembe i wazi lakini chujio lililo mle limeziba polepole, kama mfereji unaojaa mchanga mwaka hata mwaka. Hapo mtu hasikii maumivu yo yote. Huanza kupoteza kuona pembeni, na hatambui mpaka mengi yamekwisha potea. Ya pili, pembe yenyewe ni nyembamba. Lenzi iliyo ndani ya jicho huongezeka unene kadiri mtu anavyozeeka, nayo husukuma pazia mbele. Siku moja mboni ikipanuka kidogo, pazia hugandamana na lenzi, maji hukosa njia ya kupita, nayo yakikusanyika nyuma hulisukuma pazia likafunga pembe kabisa, kama jani kubwa lililokaa mlangoni pa mfereji. Maji yaendelea kuingia, hayatoki. Presha yaweza kupanda hata kupita 50 kwa saa chache, na mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo huanza kufa.

Ndiyo maana twasema namna hii ya pili ni kama moto wa nyumba. Moto hausubiri Jumatatu.

Na wafanya kazi sikilizeni hapa. Mboni hupanuka gizani. Hupanuka pia kwa dawa fulani, zikiwamo baadhi ya dawa za mafua, za mzio, za tumbo la kusokota na za huzuni. Mlinzi wa usiku aliye na pembe nyembamba yumo hatarini na hajui. Walio hatarini zaidi ni waliopita miaka 40, wanawake kuliko wanaume, wanaohitaji miwani ya kuona mbali na karibu kwa kuwa macho yao ni mafupi, na wale ambao mzazi au ndugu yao alishikwa na ugonjwa huu.

Kitundu kinachookoa jicho

Tiba hii ina historia ndefu. Mwaka 1857 daktari wa Kijerumani, Albrecht von Graefe wa Berlin, alitangaza ya kuwa akikata kipande kidogo cha pazia lile kwa kisu, shambulio la presha hupoa. Kabla ya hapo mgonjwa alikuwa akingoja upofu tu. Mwaka 1960 Mmarekani Theodore Maiman aliwasha leza ya kwanza duniani. Katika miaka ya 1970 na 1980 madaktari walijifunza kutoboa pazia kwa mwanga huo pasipo kulifungua jicho, na kisu kikawekwa kando kwa wagonjwa wengi.

Twataka mjue inavyofanywa, maana hofu yawazuia wengi. Hutiwa dawa ya matone ya kuifanya mboni iwe ndogo, na matone ya kufisha ganzi. Waketi kwenye kiti, waweka kidevu juu ya chombo. Daktari aweka kioo kidogo juu ya jicho. Waona mwanga ukimulika mara kadhaa na huenda ukasikia kama kudonwa kidogo. Kazi yenyewe ni dakika chache. Hungoja kama saa moja ili presha ipimwe tena, kisha warudi nyumbani siku ile ile, na matone ya kutuliza uvimbe kwa siku chache. Kitundu chenyewe ni kidogo mno, mtu akikutazama hakioni. Lakini maji yamepata njia ya mkato, na pazia hurudi nyuma.

Tusidanganyane pia. Leza hairudishi kuona kulikokwisha potea. Aliyeshikwa na shambulio lazima kwanza apewe dawa za kushusha presha upesi, ndipo leza ifuate. Wengine presha yao hupanda kidogo baada ya leza, wengine hutokwa na damu kidogo ndani ya jicho, na wachache huona mstari wa mwanga unaosumbua. Na wapo wagonjwa ambao leza haiwatoshi. Uchunguzi mmoja uliotolewa mwaka 2016, wa watu 419 wenye miaka 50 na zaidi katika nchi kadhaa, ulionyesha ya kuwa kwa wale waliokwisha kuugua au wenye presha ya juu sana, kuiondoa lenzi ya jicho na kuweka nyingine kulifaa kuliko kitundu cha leza. Hiyo ni kazi ile ile ya mikono inayofanywa kuondoa mtoto wa jicho. Basi uamuzi ni wa daktari, si wetu. Letu ni kudai daktari apatikane.

Je, ni ugonjwa wa Wachina tu?

Kuna watu waliosoma wanaotuambia ya kuwa presha ya pembe iliyofunga ni ugonjwa wa Asia, na kwetu Afrika si jambo. Ni kweli Asia wameumia zaidi. Lakini katika wilaya ya Kongwa, Dodoma, huko Tanzania, madaktari waliwapima watu zaidi ya 3,000 wenye miaka 40 na kuendelea, na matokeo yakatolewa mwaka 2000. Waliokuwa na glakoma ya kila namna walikuwa zaidi kidogo ya 4 katika kila 100. Wengi wao, kama 3 katika 100, walikuwa na ile ya pembe iliyo wazi. Wenye pembe iliyofunga walikuwa karibu 6 katika kila 1,000.

Sita katika elfu, mtasema ni wachache. Haya, hesabuni wafanya kazi wote waliopita miaka 40 toka Wusi mpaka Voi, kwenye mashamba ya mkonge, reli, hoteli za mbugani, shule na ofisi za kaunti. Kisha mtuambie ni nani kati yao mngemchagua apofuke. Sisi hatuwezi kumchagua hata mmoja.

Na hao wa pembe iliyo wazi, ambao ndio wengi, leza yawafaa pia, ingawa ni leza ya namna nyingine, inayolenga lile chujio wala haitoboi pazia. Habari njema imetoka kwa jirani zetu wa karibu kabisa. Mwananchi wa Taveta akivuka mpaka pale Holili, Moshi si mbali. Katika hospitali ya KCMC mjini Moshi, madaktari waliwagawa wagonjwa 201 mafungu mawili. Fungu moja lilipewa matone ya timolol ya kutia kila siku, fungu jingine likapigwa leza. Baada ya mwaka mmoja, tiba ilikuwa imefaulu katika macho 61 kwa kila 100 ya waliopigwa leza, na macho 31 tu kwa kila 100 ya waliotumia matone. Matokeo hayo yalitolewa mwaka 2021.

Twawaomba mfikiri maana yake. Matone hutakiwa kila siku maisha yote. Chupa yaisha kabla ya mshahara. Mtu asafiri kazini, chupa yabaki nyumbani. Mwenye pumu haifai kupewa timolol kabisa. Leza hupigwa siku moja, na ikibidi hurudiwa. Basi mashine hii si anasa ya watu wa Ulaya. Imejaribiwa chini ya Kilimanjaro, mlima ule ule ambao wenzetu wa Taveta wauona kila asubuhi, nayo imewafaa watu kama sisi.

Majibu kwa wanaotupinga

Wapo waajiri watakaosema, "Ugonjwa huu hautokani na kazi, basi si juu yetu." Twajibu: ni kweli hautokani na kazi, wala hatuombi fidia ya ajali. Lakini Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yasema mfanya kazi aliyemaliza miezi miwili mfululizo kazini ana haki ya siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na siku 7 nyingine kwa nusu mshahara katika kila miezi 12, akileta karatasi ya daktari. Hicho ndicho kiasi cha chini kabisa. Mkataba wa pamoja kati ya chama na mwajiri waweza kutoa zaidi. Tena mwajiri mwenye akili ajua kwamba dereva, mlinzi, fundi na mpishi aliyekaa kazini miaka 20 hapatikani sokoni kama nyanya.

Wapo viongozi watakaosema, "Bima ipo." Naam, ipo. Tangu Oktoba 2024, mahali pa NHIF pameshikwa na SHA, nasi twakatwa shilingi 2.75 katika kila 100 za mshahara kabla hatujaziona. Hatukatai kukatwa. Aliyelipa nauli ana haki ya kuuliza gari laenda wapi. Twauliza: mfanya kazi wa Wusi akishikwa usiku wa leo, kadi yake itamfikisha mbele ya mashine ya leza siku ngapi baadaye?

Na wapo wenzetu wenyewe, wanachama wazuri, wanaosema pesa za chama ziwe za kupigania mshahara tu. Hao twawaheshimu, na twawauliza neno moja. Huyo mama wa Wusi, jicho la pili lingalikufa kama la kwanza, nyongeza ya mshahara tuliyoipata kwa jasho ingemfaa nini? Mshahara twaupata kwa mikono, na mikono huongozwa na macho.

Wapo mwishoni wenye bidii kupita kiasi, wanaotaka kila mwenye pembe nyembamba apigwe leza upesi. Hao nao wapole. Huko Guangzhou, China, watu 889 wenye pembe nyembamba lakini wasio na ugonjwa walipigwa leza jicho moja, la pili likaachwa, wakafuatwa miaka 6. Leza ilipunguza madhara karibu nusu. Lakini hata katika macho yaliyoachwa, yaliyodhurika yalikuwa kama 8 tu katika kila 1,000 kwa mwaka. Matokeo yalitolewa mwaka 2019. Kwa hivyo hatudai leza kwa kila mtu. Twadai kila mtu apimwe, na anayehitaji leza aipate kabla jicho halijafa. Aliyepata shambulio jicho moja, jicho la pili litibiwe bila kungoja, kwa kuwa hatari yake ni kubwa.

Tunayodai

Kwa hayo, twapendekeza wajumbe wa tawi wayapeleke mbele ya waajiri na serikali ya kaunti madai haya:

1. Kila mfanya kazi aliyefika miaka 40 apimwe macho bila malipo na bila kukatwa siku. Kupima kusiishie kusoma herufi ukutani. Presha ipimwe, na pembe ya jicho itazamwe kwa kioo chake.

2. Wahudumu wa zahanati zetu wafundishwe dalili za shambulio, na kila zahanati ipate dawa za kwanza za kushusha presha pamoja na njia ya kumpeleka mgonjwa siku ile ile.

3. Kaunti ihakikishe leza yapatikana kwa watu wake. Kazi ya leza ni dakika chache kwa mgonjwa mmoja. Wagonjwa wengi waweza kukusanywa siku moja ya mwezi, hata kama mashine yatumiwa na zaidi ya kaunti moja. Toka Voi mpaka Mombasa ni kilometa 150 na ushei, na mgonjwa anayetapika hapaswi kuutafuta mwanga mbali hivyo.

4. Mkataba wetu ujao wa pamoja uwe na kifungu cha siku za safari ya matibabu ya macho kwa mshahara kamili, zisihesabiwe katika likizo ya mwaka.

5. Tawi lianzishe mfuko mdogo wa nauli, wenye daftari lililo wazi kwa kila mwanachama, ili mtu mwingine asipoteze jicho kwa kutafuta nauli siku tatu.

Wajibu wetu sisi wenyewe

Hatuwezi kudai kwa wengine tu. Nasi tuna letu la kufanya. Jicho likiuma ghafula, likawa jekundu, ukaona duara za rangi kuzunguka taa na ukatapika, usilale. Usitie maji ya majani, usitie maziwa, usimtafute aliyekuroga. Mwambie mganga neno hili, "Nipime presha ya jicho," na kama hana chombo, mwambie akuandikie barua uende kwa mwenye nacho. Ukienda dukani kununua dawa ya mafua nawe umeambiwa una pembe nyembamba, uliza kwanza. Mzazi au dada yako akipatikana na ugonjwa huu, nawe nenda upimwe, uwape habari na ndugu zako wote. Habari hii si aibu ya kufichwa nyumbani.

Na nyinyi vijana msiofika miaka 40, msiseme hayawahusu. Mama zenu na baba zenu wako juu milimani, na wengi hudhani kutoona ni uzee tu. Mara nyingi si uzee. Mara nyingi ni ugonjwa wenye jina na wenye tiba. Washikeni mkono mwapeleke.

Tulipomwendea mama yule wa Wusi kumwomba ruhusa ya kuandika habari hii, alikuwa jikoni, ameinamia ungo wa maharagwe. Alituambia maneno machache: "Andikeni. Mimi jicho moja limekwenda, lakini sikujua. Sasa nyinyi mwajua." Kisha akaendelea na kazi yake.

Ndugu wanachama, sasa twajua. Mkutano wa tawi ujao njooni kwa wingi, tuyapigie kura madai haya matano. Umoja ni nguvu.

Sisi ndugu zenu wa Kamati.